Wifi Ameongea na Baba

Jumanne, Kawetele. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu umechafuka kuliko barabara.

Niseme tu. Ninamwonea wivu wifi yangu Tumaini, mke wa kaka.

Tangu aolewe hapa kwetu ni Tumaini hivi, Tumaini vile. Anajua kupika, anajua kuimba, migomba yake imestawi. Mimi nilibakiwa na kiti kimoja, cha kukaa mbele ya baba anapojaza gobore. Analo kwa kibali, la nguruwe pori wanaomaliza mahindi. Masharti yake hayabadiliki: chumba cha nyuma, moto usiwepo, simu zisiingie, na mtu wa pili atazame, aseme "imeingia" baruti ikishaingia. Baba amekuwa msahaulifu. Baruti ikiingia mara mbili, gobore litampasukia usoni.

Leo niliingia na simu chini ya kitenge.

Kwenye kundi la kwaya walikuwa wameweka picha ya Tumaini, na sifa chungu nzima. Nikawa nazisoma moja moja, roho inaniuma. Baba akaweka baruti. Sikusema kitu. Akachota tena.

"Baba, umeshaweka."

Alikuwa Tumaini, amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Kwa wasiotujua sisi Wanyakyusa: kwa desturi ya zamani mkwe haongei na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Mama alimfundisha hivyo, akashika. Miaka mitatu hawajawahi hata kusalimiana.

Baba aliganda. Akairudisha baruti kwenye kopo taratibu, kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Nilikuwa nataka kusema."

Uongo mtupu. Tumaini aliuona mwanga wa simu kwenye kitenge changu. Akainamisha kichwa, akaenda zake kuchambua maharage. Hakunisema kwa mtu. Jamani, hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana angenisema ningepata sababu ya kumchukia.

Baba mzima, yuko jikoni anakula. Ninamshukuru Mungu kweli, ila nimenuna.

Aliniamini. Jumamosi atajaza tena, na kiti bado ni changu nikinyamaza.

Sinyamazi. Kesho kabla ya chai nitamwambia habari ya simu. Najua atanyanyuka hapo hapo, aende mlangoni kwa Tumaini kumpa kiti changu, na safari hii baba ndiye atakayeanza kuongea.