Kigurudumu Nilichosahau Kukirudisha Sifuri

Kisugu, Kampala
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na sikio je? Simuni unasikia nusu na nusu unabuni mwenyewe, ndiyo maana nimeshika kalamu. Jirani yangu dereva wa lori anakuja Tanga keshokutwa, atakuletea mkononi. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho haiko mahala pake.

Mama, nimeharibu harusi ya watu. Usishtuke, hajafa mtu.

Unajua nafanya kazi studio ya picha kule Nakawa, kwa Hajati Mariamu, mkali lakini mwenye haki. Miezi yote hii nilikuwa nambebea taa tu. Juzi Ijumaa akanipa kamera, akanituma peke yangu Kyambogo, kwenye mahafali. Jana yeye kaenda Jinja kuwaona ndugu zake wagonjwa, akaniambia, "Zuhura, harusi ya Kisugu ni yako. Usiniaibishe." Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, usije ukadhani nilikuwa nacheza. Kamera haijui nyeupe wala nyeusi, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu. Ukiielekeza kwenye joho jeusi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na joho linatoka limefifia kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Kwa hiyo juu yake kuna kigurudumu chenye alama za kutoa na kujumlisha. Palipojaa weusi unaiambia punguza. Palipojaa weupe unaiambia ongeza, maana hapo inadhani jua ni kali, inabana mwanga, na nyuso zinakuwa giza. Watu wengi wanafikiri ni kinyume chake. Mimi nalijua hilo kama jina langu.

Basi Ijumaa, kwa ajili ya majoho, nilikizungusha kwenye kutoa. Jioni nikazima kamera nikaenda zangu. Kumbe kuzima hakukirudishi sifuri. Kinabaki pale pale mpaka mkono wa mtu ukirudishe.

Jumamosi nikaingia harusini, wanaume wote kanzu nyeupe tupu! Bwana harusi ni wa hawa Waislamu wa siku nyingi wa hapa Kisugu, wafanyabiashara. Bibi harusi anaitwa Aber, baba yake ni polisi mstaafu, wote wanamwita Afande, mtu wa kaskazini, Mkristo, mweusi wa kung'aa. Kwa heshima ya wakwe naye alivaa kanzu, mara ya kwanza maishani mwake. Ilipaswa nijumlishe, nami niko kwenye kutoa! Na kioo cha nyuma ya kamera nilikuwa nimekiongezea mwangaza ili nione juani, basi kila picha ikaniambia uongo. Nilipoziweka kwenye kompyuta jioni, lahaula! Kanzu zinatembea bila vichwa. Na nilipiga zile picha za faili jepesi ambazo hazirekebishiki sana; ukizivuta ziwe na mwanga zinajaa chenga.

Kuna moja inaniumiza kuliko zote. Afande anamwekea binti yake mkono kichwani, anamwombea kabla hajamkabidhi. Wataipata wapi tena? Jumatano Aber anaondoka na mumewe kwenda Juba, na kesho asubuhi wanakuja, yeye na baba yake, kuchagua za kuondoka nazo.

Nakato, anayesafisha picha kwenye kompyuta, ananihurumia. Ameniambia, "Bambi, maskini, wewe sema tu tenti ya harusi ndiyo ilileta giza. Nani atajua?" Kweli, nani atajua? Nimelifikiria sana, Mama, nakiri. Lakini nakusikia ukisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Naogopa. Sijui kesho saa kama hizi nitakuwa na kazi au nitakuwa nafunga begi.

Jumatatu, mchana

Mama, naendelea. Hajati alipoingia nilimwambia hata hajaweka mkoba chini. Akaangalia picha moja, ya pili, ya tatu. Afadhali angenipiga. Akasema tu, "Wakija, utawaambia kwa mdomo wako."

Wakaja. Afande akavaa miwani, akasogea kwenye kompyuta.

"Binti, kanzu naona. Kichwa yangu iko wapi?"

Nikamwambia kosa ni langu, si la tenti wala la kamera. Nikamwonyesha kigurudumu. Akakizungusha kwa kidole chake kinene, mbele, nyuma.

"Kumbe hii machine iliona nguo, haikuona mutu."

"Ndiyo, Afande. Nisamehe."

Aber akageuka kutoka kwenye kompyuta. Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Hajati akamwambia Nakato aivute ile ya dua. Nakato akapandisha mwanga polepole. Chenga zikatokea, halafu uso wa Afande ukatoka gizani, na mashavu yote mawili yamelowa. Mzee alikuwa analia, Mama! Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikuona, nilikuwa nahangaika na shela.

"Zima hiyo," Afande akasema. "Rudisha giza."

"Baba, iache!" Aber akaushika mkono wa Nakato. "Nakuomba. Mimi sijawahi kukuona unalia, hata siku tulizika mama."

Hajati akaichapisha kubwa, na chenga zake. Aber akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akatoka nayo nje.

Afande akabaki amesimama. Nikajua sasa zamu yangu imefika. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ile ya giza," akaniambia polepole, "nipe mimi. Hiyo nitaweka sebuleni, wageni wasione machozi."

Mama, kamera Hajati ameifungia kabatini. Jumamosi kuna harusi nyingine na hajasema nani atakwenda. Mimi sijathubutu kuuliza. Niombee.

Nisalimie kaka Bakari na wifi yangu, na mtoto wao umbusu mashavuni. Shangazi Mwanahawa mwambie kanga zake nazivaa. Na somo yangu Bi Asha, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, asiruke hata mstari.

Ni mimi, mwanao,

Zuhura