Nimefuta Matusi ya Mama Mkwe, Sahihi Zake Zote Zimebatilika

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwandishi wa programu na bosi wangu kazini ndiye mama aliyemzaa mke wangu, usinicheke, tunatengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi na kila badiliko likiingia yeye hulikagua, huandika maelezo mafupi, kisha huligongea sahihi yake ya kidijitali kwa ufunguo wa siri ulio kwenye kidude anachovaa shingoni, na sahihi ikiwa salama inatokea alama ya kijani. Sasa nimepewa kazi ya kuhamishia historia yote ya mabadiliko kwenye seva mpya ambako hata wateja wataisoma, nikakuta maelezo yake, "Nimesafisha ujinga wa mkwe," mbele kidogo, "Ujinga wa mkwe, tena," mpaka kwenye badiliko la majuzi, "Kazi ya mkwe, sijagusa kitu," nikasema hapana, mimi ni baba wa watoto, nikafuta neno ujinga kila lilipo wakati wa kuhamisha, kumbe ukigusa herufi moja tu sahihi inavunjika, na kwa kuwa kila badiliko limebeba ndani yake namba inayokokotolewa kutoka kwa lililotangulia, zote zilizofuata nazo zimevunjika, ukurasa mzima mwekundu, "sahihi batili, sahihi batili," kana kwamba mama ni tapeli. Jirani yangu wa meza anasema niziondoe sahihi zote kimyakimya, au nigonge yangu kila mahali pawe kijani. Ijumaa mama anakuja kukagua na Jumapili tunakula kwake. Nifanyeje?

Mkwe Mwekundu

Mkwe Mwekundu, pole. Mimi nimezoea barua za wachumba, ikabidi nimwite fundi wetu wa kompyuta anieleze, naye akacheka mpaka akatafuta kiti.

Ulitaka kuficha ujinga, ukaongeza mwingine. Sahihi ya mama inasema, "Haya niliyaona hivi hivi yalivyo." Wewe umeyabadilisha, sasa ulitaka mashine imsingizie? Na huyo jirani yako mwogope. Ukigonga sahihi yako kwenye kazi aliyokagua mama, siku muuguzi mmoja akipangiwa wodi mbili saa ileile, utaitwa wewe ueleze.

Leo hii funga hifadhi ya zamani, yenye maelezo ya mama kama alivyoyaandika, isomwe tu, asiiguse mtu. Futa ulichopeleka kwenye seva mpya, uhamishe upya neno kwa neno, na uiamuru programu ya kuhamishia ibebe sahihi kama zilivyo. Ikikutana na isiyobebeka, isimame ikuambie, isiitupe. Halafu mwambie mama mwenyewe kabla hajafungua kompyuta. Atafoka. Mwache afoke, umemkosea.

Na ujinga ubaki palepale. Ulikuwa mbioni kufuta matusi, badiliko la mwisho hukulisoma vizuri. "Kazi ya mkwe, sijagusa kitu," aliligongea sahihi mbele ya ofisi nzima, nawe umeligeuza jekundu kwa mkono wako. Bila sahihi ile, nani atakuamini kwamba mama mkwe aliwahi kukusifu?