Wenye Majina Mawili

Sibwesa, 21 Oktoba 2024

Mwanangu Emelyne,

Amani iwe kwako. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepungua kuuma na amerudi kwaya. Vipi Dodoma na vumbi lake?

Mwanangu, mfumo wenu wa kugawa mbegu umenitia aibu. Niliandikisha wakulima wote wa kikundi kwa simu mliyonipa. Jana lori la mbegu limekuja. Wenye majina matatu wamepata. Sisi wenye asili ya Burundi, wenye mawili, hatukupata hata mmoja, na tuko arobaini na mmoja. Callixte Nzeyimana amesomwa kwamba anaishi kijiji cha Mahindi na anaomba mbegu ya aina ya Kumi. Watu wamecheka, yeye hakucheka. Ameniuliza, "Mzee, uraia si tulishapewa?"

Lori linarudi tarehe nne, mara ya mwisho. Mvua iko karibu.

Baba yako, Révérien

Dodoma, 23 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe mama pole ya mguu. Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti.

Kosa ni langu. Simu yako ikiita kompyuta ya huku, inaiomba kazi moja: andikisha mkulima. Niliipanga ikabidhi vitu kimoja kimoja kwa foleni, bila lebo: majina matatu, kijiji, mbegu, kilo. Asiye na jina la tatu, kijiji chake kinasogea kinakaa hapo, mbegu inakuwa kijiji, na kilo zinakuwa mbegu.

Bosi wangu, Bwana Masele, anasema kila mtu alazimishwe kujaza la tatu. Hata mimi nilifanya hivyo. Shuleni mliniandikisha Emelyne Révérien. Chuo kilipotaka la tatu, nikarudia lako: Emelyne Révérien Révérien. Je, nikubali?

Mwanao, Emelyne

Sibwesa, 25 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kula kwanza, ndipo usome.

Usikubali. Mimi siwezi kumtungia mtu mzima baba mwingine ili apate mahindi.

Ulipokuwa unasoma Mpanda, umepanga chumba mtaa wa Nsemulwa, mama yako alikuwa hampi kondakta wa basi maharage, unga na sabuni mkononi kimoja kimoja. Aliweka vyote kwenye kiroba kimoja, kila kifurushi na karatasi yake. Sabuni ikikosekana aliweka karatasi tupu, "sabuni hamna". Hukuwahi kuogea maharage. Hiyo kompyuta yenu inashindwa nini?

Baba yako, Révérien

Dodoma, 31 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo tena. Nimekula, na nimefunga kiroba. Sasa simu inatuma mzigo mmoja, kila kitu ndani na lebo yake, na pasipo na jina panaandikwa "hamna". Bwana Masele alibisha siku tatu. Nikamwonyesha taarifa za Callixte zikifika salama mara ishirini, akakubali.

Waandikishe upya mara barua hii ikifika, kabla ya tarehe nne. Naogopa, Baba. Nikikosea tena, ni msimu wao mzima.

Mwanao, Emelyne

Sibwesa, 6 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Leo sikuulizi afya, najua ukisoma hii utapona. Tumepata, wote arobaini na mmoja.

Bibi Glory, anayegawa mbegu za lori, alisoma orodha taratibu. Alipofika kwa Callixte akasoma majina mawili, kisha "hamna", kisha Sibwesa, mahindi, kilo kumi. Callixte akaitika kwa sauti ya kwaya, "Hamna, na nipo." Kila aliyefuata akaitika vivyo hivyo, na wenzetu wa majina matatu wakapiga makofi mpaka wa mwisho, ambaye ni mimi. Nilitembea kifua mbele, na sikuficha kwamba fundi wa jambo hilo ni binti yangu. Jana mvua imenyesha na tumepanda.

Limebaki moja. Ukipata nafasi, nenda ukavirekebishe vyeti vyako. Usiniandike mara mbili, mwanangu. Mara moja nakutosha.

Baba yako, Révérien Ntahondi