Siku Bamama Balikuja Kuangalia Mugonjwa

Mujukuu wangu Béatrice,

Jambo sana kwako huko Lubumbashi. Kile kikohozi kiliisha? Siye hapa Kapata tuko bazima, na mutoto wa shangazi yako ameanza kutembea, tunashukuru Mungu.

Uliniandikia kama tangu uanguke mutihani unaona haya kurudia mu korali, na uliniuliza kama mi nilishaonaka haya mbele ya bandugu ba kanisa. Niliona, tena sana.

Tulikuwa tungali mu mutaa wa Kasulo. Nkambo yako mwanaume, bwana yangu, alichimba shimo katikati ya saloni, kutafuta kobalti kama majirani. Bamama ba kundi letu la maombi balikuwa banasali kila Alhamisi ku nyumba ya mumoja wetu. Zamu yangu ilipofika, niliona haya ya lile shimo, nilituma neno kama niko mugonjwa. Ya pili, vilevile. Basi balikuja kuangalia mugonjwa, na uji mu termosi, bakanikuta nafagia udongo wa shimo.

Mama Odile, mukubwa wetu, aliangalia shimo. “Ugonjwa wako ndio huu, mama? Shimo yangu iko chini ya kitanda, tena inapita hii kwa urefu.”

Tulicheka mupaka machozi. Kisha balikaa pembeni, migongo kwa ukuta, tukasali. Siku ile ndipo niliomba kwa sauti mara ya kwanza, na hata kusoma Biblia bila kukwama nilijifunza kwao. Ningeendelea kujificha, ningekosa yote.

Jumamosi enda ku mazoezi ya korali, hata ukae nyuma. Halafu uniandikie mbio, uniambie balikupokea namna gani.

Nkambo yako,
Mama Thérèse