Tangi la Mgeni Rasmi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshinda juu ya bati tena. Fundi Hamisi anafunga gata la kukinga maji ya mvua, mimi napima mteremko, jua linatuunguza wote. Shule hii ya Maji ya Chai inapata tangi la maji ya mvua, na mchoro ni wangu! Najisikia mkubwa.

Kisima cha hapa kina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno. Watoto wa awali ndio nawawazia. Meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Mimi nilikulia Kikwe nikinywa maji ya namna hiyo, na meno yangu ni kahawia. Nikicheka naziba mdomo. Naichukia tabia hiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Gata tayari. Bomba la kutupa mvua ya kwanza, yenye vumbi na mavi ya ndege, tayari. Hamisi amefunga Ramadhani, mimi nimeacha soda kwa ajili ya Kwaresima. Anayelalamika ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Uzinduzi ni Jumatatu. Mwalimu mkuu, Mama Kaaya, ameita mgeni rasmi, kwaya, maturubai. Nikamkumbusha kwamba tangi ni tupu, mvua bado.

"Injinia, wewe vaa tu upendeze."

Jumatatu, 10 Machi
Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akafungua koki. Maji yakatoka! Vigelegele. Mimi nikaligonga tangi.

Mama Kaaya alikuwa amelijaza tangi kwa mpira kutoka kisimani, ili mgeni asiaibike na koki kavu. Lilikuwa limejaa pomoni. Watoto wa awali tayari walikuwa kwenye foleni, vikombe mkononi. Nikaenda nikafunga koki mbele ya mgeni rasmi. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Nina hasira. Na aibu.

Jumanne, 11 Machi
Mlima Meru umejifunika wingu zito. Mvua ikija leo haina pa kuingia, na watoto watakunywa kisima kilekile kupitia koki mpya. Nimesema tumwage. Mama Kaaya hataki hata kusikia. Kumwaga maji kiangazi hiki, kina mama wakipita na ndoo kichwani? Watatuona wendawazimu. Kusema kweli, hapo ana hoja.

Nimezunguka tangi mchana kutwa. Halafu nikapata wazo. Hatumwagi. Tunafua.

Jumatano, 12 Machi
Sijacheka hivi siku nyingi! Mama Kaaya alisimama mwenyewe mbele ya wazazi.

"Nilijaza mimi, jamani. Niliogopa aibu. Sasa leteni nguo."

Wakaleta. Sare, mablanketi, mapazia ya ofisi, majoho ya kwaya. Povu uwanja mzima. Maji ya mwisho yakaenda kwenye migomba, Hamisi akaingia ndani ya tangi na brashi, akatoka amelowa, anaimba.

Saa kumi na moja jioni mvua ikashuka. Nguo zote ziko kwenye kamba! Kina mama walivyokimbia, Mama Kaaya mbele, majoho matano begani.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua imetulia. Tangi limefika nusu. Jikoni wamechemsha maji, yakapoa, watoto wa awali wakagawiwa. Hakuna utepe.

Nilikaa nao kwenye benchi. Mmoja alijimwagia kifuani, nikacheka, mkono ukaenda mdomoni.

"Shikamoo, Injinia. Mbona unaziba?"

Nikasema marahaba. Nikashusha mkono. Akayatazama meno yangu kidogo, akaendelea kunywa.