Baba amwita Shangazi mchawi kwa sababu ya minazi

Ruwani, uko? Nimechoka shoga, hata hasira sina tena.

Baba katuaibisha leo. Kwenye sadaka ya marehemu Mama! Mbele ya mtawa wa Kibuddha na majirani wote!

Shangazi Hemalatha kaingia tu, Baba kasimama. "Mchawi we! Umeiroga minazi yangu, halafu unakuja kula kwangu?"

Mchawi! Dada yake wa tumbo moja!

Unaijua ile minazi. Makuti machanga yanatoka yamejikunja, nazi ukipasua hamna kitu. Mwaka mzima anasema ni jicho la dada yake.

Shangazi akaenda kuketi na wanawake wenzake, basi.

Wageni wangali wanakula, bwana shamba akapiga simu. Nilikuwa nimempelekea udongo na majani kimyakimya. Nikaongeza sauti ya simu makusudi, Baba asikie.

"Dada, minazi yenu ina njaa. Udongo umeishiwa madini ya boroni. Mkiyaweka kidogo kuzunguka kila shina, makuti mapya yatafunguka."

Ruwani, Baba akaweka sahani chini!

Baba akanong'ona, "Kumbe ni udongo?"

Shangazi akamtazama. "Kaka, ningejua kuroga, ningeanza na huo mdomo wako."

Hata mtawa kacheka. Baba hakucheka. Alikwenda akaketi sakafuni kando yake, akasema kwa sauti ndogo, "Hema, nisamehe."

"Kula kwanza," Shangazi akamwambia. "Umekonda kuliko hiyo minazi."

Mimi niko jikoni, nimeegemea ukuta.