Jiwe la Mkunga

Februari 4

Mjukuu wangu, mchumba wangu wa pili,

Salamu zikufikie ukiwa umeshiba. Mimi mzima. Magoti yananilalamikia, bibi yako naye ananilalamikia, kwa hiyo nyumba haijapoa. Wewe je? Huko kiwandani wanakuacha upumue?

Nakujulisha kwamba jiwe la Mkunga limekamilika. Ni tufe safi, halina doa, ukilishika utadhani ni tone la maji lililokataa kumwagika. Katika wachonga mawe wote walio hai hakuna wa kunifikia hata kwenye kisigino.

Sasa ifute aya hiyo. Jiwe limepasuka. Na wachonga mawe walio hai tumebaki wawili, na mwenzangu haoni.

Mkunga unamjua, mikono yake ndiyo iliyokupokea ulipokuja duniani ukipiga kelele. Marehemu mumewe alikuwa mchimbaji. Aliwahi kumletea kipande cha kwatzi, lile jiwe gumu linalofanana na kioo, kikubwa kama chungwa, kiangavu mpaka ukikitia ndani ya maji hukioni. Tangu mume afe, mama wa watu hulishika jiwe lile jioni, na pembe zake zinamchoma. Akaniletea, akasema, "Niondolee pembe tu, fundi. Mengine yabaki."

Nikaliondolea pembe. Lilikuwa karibu kwisha, nami nikawa nalishangaa badala ya kutazama kopo la maji linalodondokea gurudumu la kusagia. Kopo likakauka. Jiwe likapata moto. Nikashtuka, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, jambo ambalo mwanagenzi hukatazwa kabla hajaonyeshwa hata pa kutundika shati. Likalia ka, likawa mawili.

Mkunga akija namwambia, "Bado kidogo." Sasa nakuomba: huko kwenu mnapika kwatzi kama ugali. Najua nimeyatukana sana hayo mawe yenu ya jikoni. Niletee moja kubwa. Nitalichonga, nitamkabidhi, hatajua.

Ni mimi babu yako, kijana wa zamani

*

Februari 15

Shikamoo Babu,

Mimi sijambo, nakula, napumua. Mwambie Bibi nimepokea salamu zake ambazo hukuniletea.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama barua imetoka kwa mchumba. Nikamwambia ndiyo, ila ana mvi mpaka masikioni. Kisha nikafika kwenye ombi lako na kicheko kikaisha.

Jiwe ninaweza kukutafutia. Uongo sikuletei. Yule mama hashiki kwatzi jioni, anamshika mumewe. Ukimpa jiwe letu bila kusema, utakuwa umemwekea mwanamume mwingine kiganjani.

Nenda kamwambie. Ukishamwambia, niandikie.

Na hatupiki kama ugali.

Mjukuu wako

*

Machi 2

Marahaba mjukuu wangu mkali,

Umekuwa mwalimu tangu lini? Mimi shule niliiacha siku mwalimu alipoanza kuchanganya hesabu na herufi, na sikupanga kurudi uzeeni.

Nilikwenda. Nilivaa lile shati la harusi za watu. Nikamwekea vipande mezani, nikasema, "Mama, nimekuharibia."

Akavitazama. Heri angenipiga. Mwishoni akasema, "Nimezalisha nusu ya mji huu, fundi. Uso wa mtu anayeficha kitu naujua toka mlangoni. Nilikuwa nangoja uchungu ukushike."

"Umenishika, mama."

"Afadhali. Sasa haliungiki?"

Nikamwambia gundi ingeacha kovu, na nusu moja ina nyufa. Akageuza uso dirishani, pale jiwe lilipokuwa linakaa. Mjukuu wangu, mimi mtu wa mzaha, lakini pale mzaha ulinikimbia.

Kwa hiyo nauliza bila hila. Hayo matanuri yenu yanaweza kuunga jiwe?

Babu yako, aliyenyolewa bila maji

*

Machi 14

Shikamoo Babu,

Umefanya vizuri. Poleni wote wawili.

Kuunga hatuwezi. Lakini nisikilize, maana ndiyo kazi yangu, na kila nikiieleza naipenda upya. Kwatzi yetu haipikwi, inaoteshwa. Tuna mtungi wa chuma kinene, mrefu kupita mtu. Chini tunaweka vipande vya kwatzi ya kuchimbwa, tunajaza maji yenye magadi, juu tunatundika vibamba vyembamba vya kwatzi. Hivyo tunaviita mbegu. Mtungi unafungwa na kuchemshwa, chini moto zaidi kuliko juu. Vipande vya chini vinayeyuka, vinapanda na maji, vinajigandisha kwenye mbegu, punje kwa punje, zikijipanga kama mbegu yenyewe ilivyojipanga. Ni kazi ile ile mlima huifanya, ila mlima hauna haraka. Mawe hayo ndiyo hukatwa vipande vidogo kuliko ukucha, vikatetemeka ndani ya saa na redio na simu bila kupoteza mpigo.

Kipande cha Mkunga kinaweza kuwa mbegu. Nilipomweleza msimamizi alikataa: mbegu ya nje inaweza kupasuka na kuchafua mtungi mzima. Nikamweleza habari za Mkunga. Akakuna shingo, akasema, "Nafasi moja. Pembeni. Likiharibu kazi, utajibu wewe."

Hatari yenyewe ni hii. Nusu moja ina nyufa, haifai. Iliyo safi ni moja tu, na tukiikata kibamba hairudi ilivyokuwa. Mbegu ikipasuka mtungini, Mkunga atakuwa amempoteza mumewe mara ya pili, nami labda kazi. Na mtungi ukishafungwa, hakuna dirisha la kuchungulia.

Mwulize. Aamue yeye.

Mjukuu wako

*

Machi 25

Mjukuu wangu,

Salamu kwa ufupi.

Nilimsomea barua yako yote, hata yale magadi. Akaniuliza, "Kwa hiyo anafunga mlango, na hakuna kuangalia mpaka wakati wake?" Nikasema ndivyo. Akasema, "Basi mjukuu wako ni mkunga mwenzangu. Mpelekee."

Kifurushi hiki hapa. Nimekifunga kwa fulana yangu nzuri. Fulana sidai.

Babu yako

*

Juni 9

Shikamoo Babu,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa sina la kuandika ila woga.

Tuliuacha mtungi upoe taratibu mpaka tukachoka kuutazama. Leo tumefungua. Msimamizi alimsukuma kila mtu, akaifikia mwenyewe ile nafasi yetu ya pembeni. Akalitoa jiwe, akalisuuza, akalinyanyua kwenye taa, akaniita: "Dada, njoo umwone mwanao."

Limetoka zima. Ndani kuna kivuli cha kile kibamba, chembamba kama pumzi kwenye kioo.

Linakuja na barua hii. Bado lina pembe.

Mjukuu wako

*

Julai 3

Marahaba, mchumba,

Sisi wazima. Bibi yako anasema ukija atakunenepesha.

Jiwe lilifika. Mkunga akaliweka mezani pangu, akasema, "Niondolee pembe."

Nikamwambia mkono wangu umeingiwa na woga. Akachukua birika langu, akalijaza, akavuta kigoda karibu na gurudumu. "Mkono uogope tu," akasema. "Maji ni juu yangu. Mimi kazi yangu yote ilikuwa kungoja kitu kitoke salama bila kukivuta."

Basi kila siku alikaa hapo akidondosha maji, na nikiongeza kasi ananikemea, "Taratibu, baba, njia bado haijafunguka." Bibi yako alicheka mpaka akatoka nje.

Limekwisha. Safari hii sifuti aya. Ni tufe la ukubwa wa ndimu.

Sisi wachongaji tuna namna ya kulipima jiwe. Nilitarajia, sitakuficha, kulikamata lenu kwamba ni chupa tu. Nikang'oa unywele wa ndevu, nikaulaza kwenye karatasi, nikaweka tufe juu. Chupa hukuonyesha unywele mmoja. Kwatzi hukuonyesha miwili. Ikaonekana miwili. Nikavua kofia, nikaivaa tena kabla hawajaniona.

Mkunga akaomba atazame. Akawa analigeuza, analigeuza, mpaka kile kivuli cha kibamba cha jiwe la mumewe kikakaa bapa kati ya jicho lake na karatasi. Hapo unywele ukawa mmoja. Mimi najua kila kwatzi ina upande wake wa kuonyesha mmoja, na nilifungua mdomo nimweleze. Nikaufunga.

Kisha akalishika kiganjani, vidole vikalizunguka pande zote, hakuna kilichomchoma. Akatoka bila kuaga.

Birika langu ameondoka nalo mkono wa pili. Sasa, siku ulipovunja kikombe cha mama yako, si mimi niliyesema nimekivunja? Basi una deni langu. Ukija likizo, mjukuu wangu, pitia kwake uniombee birika. Mimi naona haya.

Babu yako